Gauni la Firenze la Miaka ya 1480 kwa Mpenda Belle: Lishone Hatua kwa Hatua

Kila nikilivaa gauni langu la buluu, sherehe haiishi kabla sijajibu maswali yaleyale manne. Limekula mita ngapi? Zipu umeificha wapi? Ndani kuna koseti? Na hilo shati jeupe limeshonewa humo humo? Majibu ya mkato: mita nne, zipu haipo, koseti haipo, na shati ni nguo yake peke yake. Majibu marefu ndiyo haya.

Belle ninayemsema ni yule wa katuni ya Disney ya mwaka 1991, binti wa kitabu mkononi. Najua hadithi yake ni ya Ufaransa wala si ya Italia, usinikosoe. Lakini mtazame vizuri anapokatiza kijijini: shati jeupe lenye mikono mipana, na juu yake gauni la rangi moja lililokamata kifua na kumwaga sketi chini. Muundo huo ndio hasa waliokuwa wakiuvaa wanawake wa Firenze (Florence), mji wa Italia, mwishoni mwa karne ya 15. Shati waliliita kamicha na gauni waliliita gamura. Kwa hiyo Belle anatupa rangi na tabia, Firenze inatupa ukataji.

Kabla ya kugusa mkasi, tafuta picha za Domenico Ghirlandaio alizochora kati ya 1485 na 1490 kwenye kuta za kanisa la Santa Maria Novella, katika sehemu ya ukoo wa Tornabuoni. Wengi huwatazama mabibi waliosimama na hariri zao. Wewe mtazame mtumishi anayeingia mbiombio kwenye picha ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, matunda kichwani, nguo inapeperuka. Utaelewa kitambaa kinatakiwa kianguke vipi.

Na kama umeanza kushona mwaka huu, achana kwanza na lile gauni la Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Firenze, alilochorwa nalo na Bronzino, lenye maua makubwa meusi na ya dhahabu. Ni la miaka sitini baadaye, ni zuri kupita kiasi, na kuoanisha maua yake kwenye mishono kutakutoa machozi. Anza na kitambaa kisicho na ua.

Vitu vya kuwa navyo

Vipimo ninavyotaja ni vyangu: kimo sm 162, kifua sm 92. Badilisha kulingana na mwili wako.

- Kitambaa cha buluu, mita 4 kikiwa na upana wa sm 150, au mita 5 na nusu kikiwa cha sm 115. Wenyewe walitumia sufu na hariri. Kwa joto la pwani chukua pamba nzito au kitani, na ukiwa Ulaya wakati wa baridi, sufu nyepesi. Satini inayong'aa usichukue. Kwenye picha itaonekana kama nguo ya maigizo ya shule.
- Bafta nyeupe au kitani chepesi cha kamicha, mita 2 na nusu kwa upana wa sm 150, au mita 3 na nusu kwa sm 115.
- Marikani mita 1, kwa ajili ya kujaribia. Usiiruke hii.
- Drili ya pamba mita 1, ile ya kushonea suruali za kazi. Hii ndiyo siri ya kifua kukaa.
- Bitana ya pamba mita 1.
- Ukanda wa blanketi kuukuu au flana, upana sm 4, urefu wa mita 3. Nitakueleza wa nini.
- Uzi imara wa kushonea kwa mkono, kipande cha nta ya nyuki au mshumaa, shazia, pini, chaki, futi, pasi.
- Kamba nyembamba ya kusuka au utepe mgumu, mita 2 na nusu kwa kifua, pamoja na vipande 12 vya sm 40 kwa mikono.
- Taraza ya dhahabu mita 1 na nusu, ukipenda.

Cherehani ya mguu inatosha kabisa. Mishono mirefu ya ndani piga kwa mashine, lakini vitundu na marinda vishone kwa mkono.

Hatua

1. Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Mimi kitambaa changu cha kwanza nilikikata siku niliyokinunua. Nilipolifua gauni mara ya kwanza kifua kilipungua, na kibaya zaidi buluu ilishukia kamicha. Jasho la kwapani likamaliza kazi, nikabaki na shati la mawingu. Fua buluu peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kisha lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya ile buluu na ukipige pasi ya moto. Kikichukua rangi, rudi kwenye beseni.

2. Kata kamicha. Ukimjua fundi wa kanzu za kiasili, hapa uko nyumbani. Ni mistatili mitupu na vikwapa, hakuna mkunjo wa mkasi hata mmoja. Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana sm 75 na urefu sm 115. Kata mikono miwili, upana sm 60 na urefu sm 70 (bafta ikiwa ya sm 115, mikono iwe sm 57 ili yote miwili ikae sambamba). Kata vikwapa viwili vya mraba, sm 15 kila upande. Akiba ya mshono ya sm 1.5 imo humo.

3. Shona kamicha. Unganisha mkono na kipande cha mbele kuanzia juu mpaka sm 22, kisha mkono huohuo na kipande cha nyuma vilevile. Kikwapa kinaingia hapo chini na kinakaa kama uru la karata: pembe moja inaelekea kiwiko, ya pili inaelekea nyonga, na mbili zilizobaki zinakutana na mwisho wa ile mishono ya sm 22. Ndipo ufunge mkono na ubavu kwa mshono mmoja unaoteremka. Sasa shingo: una karibu mita 2 na nusu za kitambaa huko juu. Pitisha nyuzi mbili za mkono, vuta, mpaka shingo ifike kipimo chako. Pima kwa kamba ikipita chini kidogo ya mfupa wa shingo na kwenye ncha za mabega. Yangu ni sm 96. Funga kwa upapi mwembamba wa bafta hiyohiyo. Vifundo vya mikono fanya vivyo hivyo. *Angalizo: usitie lastiki shingoni. Inapanda, inashuka, na inaonekana.*

4. Tengeneza kiwiliwili cha marikani. Hapa ndipo gauni linapopatikana au kupotea, kwa hiyo tenga jioni nzima na umwombe mtu akusaidie. Vaa kamicha na sidiria utakayoitumia. Funga uzi mwilini, vidole vinne chini ya matiti. Hapo ndipo kiuno cha gauni kitakapokaa, juu kidogo ya kiuno chako mwenyewe. Watu wengi hukishusha mpaka kwenye kitovu, na gauni linahama Firenze linakuwa la mahafali.

   Msaidizi abandike marikani kifuani kwa pini, uzi wa kitambaa ukiwa wima katikati. Avute kuelekea ubavuni, alaze kwa kiganja, abane mshono wa ubavu. Hakuna mishono ya kubana matiti; kitambaa kinalaza kifua, hakikichongi. Mbele acha wazi katikati, nafasi ya sm 4 kati ya kingo mbili, ili kamicha ionekane. Shingo ya mbele iwe pana na ya duara, ya nyuma ishuke kidogo kwa V. Mikanda ya mabega iwe ya sm 5 na ikae karibu na ncha ya bega.

   Chora mistari yote kwa kalamu, kisha inua mikono, inama, keti, vuta pumzi ndefu. Panapokuvuta, kata kidogo kidogo, hasa mbele ya kwapa. Ukiridhika, vua, fungua pini, sawazisha mistari kwa rula. Hicho ndicho kielelezo chako, kitunze.

5. Kata tabaka za kiwiliwili. Kielelezo kimoja kinakatwa mara nne: buluu mara moja, drili mara mbili, bitana mara moja. Ongeza akiba ya sm 1.5 kote, ila ubavuni weka sm 3, maana mwili hubadilika na gauni hili utalivaa miaka.

6. Unganisha drili, kisha buluu. Laza drili mbili pamoja na uzishone kwa mistari ya wima, kila baada ya sm 2, kama godoro. Ndizo zitakazofanya kazi ambayo watu wanadhani ni ya koseti. Wakati ule koseti ya mifupa haikuwepo, tabaka za kitambaa ndizo zilizoshika. Ukiwa na kifua kizito, acha mifereji miwili ukingoni mwa ufunguo wa mbele na uingize vile vifungio vya plastiki vipana wanavyotumia mafundi umeme kufungia nyaya. Kata kichwa chake, yeyusha ncha kwa mshumaa iwe duara, la sivyo itakuchoma kwenye titi katikati ya hotuba ya bwana harusi. Piga bandi buluu juu ya drili, funga mabega na mbavu, kisha shona bitana kwa mkono ndani. Chini, upande wa kiuno, usifunge bado.

7. Toboa vitundu vya kamba. Sukuma shazia polepole ili nyuzi za kitambaa zijitenge bila kukatika, kisha zungusha uzi wenye nta kwa mshono mnene, sindano ikishuka ndani ya kitundu na kutokea nje. Kitundu kimoja kitakula dakika sita au saba. Vipange sm 2.5 kutoka kimoja hadi kingine, sm 1 ndani ya ukingo. Vya kushoto na kulia visitazamane: upande mmoja uanze sm 1.25 chini zaidi, isipokuwa jozi ya juu kabisa na ya chini kabisa. Vitundu vya chuma vya kugonga, kama vya viatu, viache. Mimi vitatu viliruka kwa mpigo nilipoketi mezani, kimoja kikaishia kwenye pilau ya jirani.

8. Sketi na marinda. Kata vipande viwili vya upana kamili wa sm 150, urefu sm 115: sm 106 za kutoka kiunoni mpaka chini, 3 za kukunja juu, 6 za pindo. Vishone viwe duara la karibu mita 3, ukiacha sm 25 wazi mbele, juu, ili upate kuingia.

   Kunja ile sm 3 ya juu kwa ndani, na humo kwenye mkunjo weka ukanda wa blanketi. Sasa chora vidoti kwa chaki kila sm 1, mistari miwili, wa pili sm 1 chini ya wa kwanza, vidoti vikiwa vimelingana wima. Chukua uzi imara mrefu usio na kiungo, pitisha sindano dotidoti, juu na chini, mistari yote miwili sambamba. Ukishavuta, kitambaa kinajikunja chenyewe kama matundu ya kinanda cha mdomo. Kiuno changu cha gauni ni sm 72 (sm 76 kutoa ule uwazi wa mbele), na mikunjo ni karibu 147. Hesabu yake basi: kila sentimita ya kiuno ibebe mikunjo miwili. Gawanya kiuno na sketi katika robo nne, weka pini, ndipo usambaze.

   Lalisha sketi uso kwa uso na kiwiliwili na ushike kila mkunjo kwa mishono miwili, ukingoni tu. Ukiifungua, marinda yatasimama na kuruka nje kabla ya kuanguka. Hiyo ndiyo kazi ya blanketi; bila ukanda ule, pamba nyembamba inalala kama shuka. Kisha shusha bitana ya kiwiliwili ifunike mshono.

   Ukiona hii ni kazi nyingi, piga marinda mapana ya kawaida yanayotazamana. Yapo kwenye picha za zama hizo na hayadharauliki. Lakini yanataka kitambaa mara tatu ya kiuno, kwa hiyo punguza upana wa sketi mpaka mita 2 na robo hivi.

9. Mikono. Mikono ya gamura ilikuwa ikifungwa kwa kamba, inavuliwa, inabadilishwa. Pima mzingo wa mkono wa juu ongeza sm 4, na mzingo wa kiganja kilichokunjwa ongeza sm 3. Kata umbo linalopungua kuelekea chini, urefu wa bega mpaka kifundo. Tia bitana. Usiushone kuwa bomba: acha nyuma wazi kutoka kiwiko kwenda chini, na uweke jozi tatu za vitundu. Juu, jozi tatu nyingine za kufungia kwenye bega la gauni. Ukishavaa, vuta bafta ya kamicha itokeze kwenye nyufa zote, begani na kiwikoni, kama povu. Anayetaka Belle mtupu wa asubuhi asishone mikono hii. Apandishe ya kamicha mpaka kiwikoni, basi.

10. Pindo na taraza. Litundike gauni usiku mzima kabla ya kupinda, kitambaa kishuke kinakotaka. Vaa viatu, mtu aweke pini. Taraza ishonwe kwa mkono shingoni tu. Serikali ya Firenze ilikuwa na sheria za kuzuia israfu ya mavazi, na kwa kweli jicho nalo lina sheria zake.

11. Kufunga. Kamba ni moja, si mbili. Ifunge fundo kwenye kitundu cha chini, kisha ipande ikizunguka kama springi: ndani huku, nje kule, mpaka juu. Usiivushe msalaba kama kamba za viatu. Msalaba ndiyo kosa ninaloliona kuliko yote, hata kwa watu walioshona vizuri kuliko mimi.

Anayetaka Belle wa usiku wa dansi

Usishone gauni jingine. Ongeza jornea, vazi la juu lisilo na mikono, lililo wazi mbavu zote mbili, la manjano ya dhahabu. Ni mapande mawili yaliyoungana mabegani, unaivaa kichwani kama joho. Tazama picha ya Giovanna degli Albizzi, kazi ya huyohuyo Ghirlandaio, iliyoko jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid: ubavuni mwa jornea ya dhahabu ndipo gauni la ndani linapochungulia. Mita 3 zinakutosha, na hapo brokedi, kitambaa kizito chenye maua ya kufumwa, unaruhusiwa.

Likikataa

*Kifua kinakunjamana chini ya titi.* Umefunga kamba legevu, au kiwiliwili ni kirefu. Kaza kwanza. Kikiendelea, fungua kiuno upandishe sm 1.

*Mikanda ya mabega inateleza.* Wakati mwingine ni nyuma ndiko kupana, mikanda haina kosa. Punguza katikati ya mgongo sm 1 au 2.

*Ukingo wa mbele unajipinda kati ya vitundu.* Drili ni moja tu, au vitundu viko mbalimbali. Ingiza kile kifungio cha plastiki, na ongeza vitundu katikati.

*Marinda yamerundikana nyuma, mbele yamepungua.* Hukugawanya robo. Kata mishono ya upande ule tu, nyuzi za kuvutia hukuzitoa bado, sivyo? Usizitoe kamwe, zibaki ndani.

*Kamicha inatokeza juu ya shingo ya gauni isivyo sawa.* Iache. Kwenye picha zao pia imetokeza hivyo hivyo.

*Nakanyaga pindo kwenye ngazi.* Usilipunguze. Shika sketi mbele kwa mkono mmoja, uinue mpaka kwenye kifundo cha mguu, upande. Kama una kitabu mkononi, mpe mtu akushikie.